Jivu la Saa Kumi

Mama hawashi taa kutafuta moto.
Saa kumi za usiku, jikoni kwetu Wanyororo,
huchuchumaa mbele ya mafiga,
hunyosha kiganja juu ya jivu la jana
na kukipitisha polepole, bila kugusa,
kama anayepima homa ya mtoto gizani.
Hukipeleka kando, penye ubaridi,
hukirudisha.
Kando. Hukirudisha.
Kisha husema, "Hapa,"
na kidole hufukua kaa moja dogo,
jekundu kama jicho la tetere.

Nilidhani ni mazoea ya umaskini.
Ilinibidi nisome miaka kumi na mmoja,
nivuke bahari, nitie sahihi karatasi za bima,
ndipo nifundishwe kitendo kilekile
ndani ya ndege iliyotobolewa ubavu.

Ilikuwa na mlango usio wa abiria.
Tukifika mita elfu kumi na tatu hufunguka,
na darubini huchungulia nje, kioo chake
kipana kuliko kitanda cha mama,
imeelea juu ya mafuta, tuli,
ndege yote ikitetemeka,
kama uji wa mgonjwa mikononi mwa muuguzi.

Nuru tuliyoifuata haina rangi.
Wenzangu waliiita infraredi.
Mimi nikiwa peke yangu niliiita fukuto.
Fukuto la nyota ambazo hazijamaliza kuzaliwa,
zimefunikwa vumbi gubigubi.
Jicho haliingii humo.
Fukuto hutoka lenyewe.

Adui yetu mvuke.
Nilicheka, mimi binti wa Menengai,
mlima unaotobolewa ili utoe mvuke,
ambako kaka yangu Kibiwott analipwa kwa mvuke
na kurudi nyumbani ananuka kibiriti.
Nimeukimbia hadi pale hewa ilipokauka
kama mfuko wa Januari.
Huko nako tukaupoza mtambo kwa heliamu,
maana chombo chenye joto hujiona chenyewe tu.
Sijui kama hilo linahusu watu.
Huenda.

Kulikuwa na kioo kidogo, kazi yake kucheza:
kando, kinarudi.
Anga tupu, wingu. Anga tupu, wingu.
Toa hili kwa lile, kinachobaki ndicho.
Usiku wa kwanza nilijikuta
nimenyosha kiganja juu ya kibodi.

Jumanne moja ya Julai njia yetu ilikata Kenya.
Ramani ikaonyesha Kisumu, kisha weusi wa Mau,
kisha jina la kwetu kwa herufi ndogo.
Dakika moja na nusu hivi.
Darubini ile haijui kutazama chini.
Imefungwa iangalie juu, upande wa kushoto, mbali.
Iliweza kuhisi vumbi lenye baridi ya kuua,
lililotuma salamu zake
kabla Wanyororo haijaitwa Wanyororo,
lakini jiko lililokuwa chini ya viti vyetu,
mita elfu kumi na tatu tu,
hapana.
Bi. Akatsa, mkuu wa zamu, akauliza kama kuna hitilafu.
Nikasema mawimbi yako sawa.

Nilipokuja likizo nilimuuliza mama:
"Jumanne ile, saa kumi usiku, ulikuwa wapi?"
"Ningekuwa wapi? Nilikuwa natafuta moto."
"Na mimi pia. Hapo juu yako."
Akatazama paa, bati na masizi yake,
akafikiri.
"Uliupata?"
"Tuliupata."
"Basi mkapika nini?"

Nikachukua sufuria,
nikatoka kuchota maji ya chai.